Gari ya Shamba: Anza Kuikagua Chini

Ukitaka gari ya bei rahisi ya kupitia njia za mashamba ya Pemba, jua kwanza unanunua nini. Hununui injini, hununui rangi, wala hununui jina lililobandikwa mlango wa nyuma. Unanunua chesesi. Injini ikifa hupatikana nyengine, giaboksi hushushwa ikatiwa beringi mpya, viti hushonwa, vioo huagizwa. Chesesi iliyooza ndani ndiyo inayomaliza fedha za mtu, kwa sababu kila utakachokifunga juu yake kinataka pahala pagumu pa kushika, na hapo pagumu hapapo tena.

Nayaandika haya nikiwafikiria watu wa Wawi na vijiji vya jirani. Lami tunayo, kutoka Mkoani hadi Chake, Chake hadi Wete, mpaka Konde. Uwanja wa ndege uko karibu yetu. Shida yetu inaanza pale njia inapoacha lami, ikateremka bondeni kwenye mpunga, kisha ikapanda tena kwenye mikarafuu. Kisiwa chenyewe si kikubwa, kina urefu wa kama kilomita 67 na upana wa kama 22, lakini ni vilima na mabonde mtindo mmoja, na udongo wa kinongo ukishapata mvua hauna msamaha. Masika inanyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Disemba. Msimu wa karafuu kwa kawaida huanza katikati ya mwaka na mara nyingi hukutana na vuli. Karafuu ikishachumwa haingoji mtu: ichambuliwe makonyo, ianikwe, na ikilala mbichi kwenye gunia inavunda ikawa mpeta. Mgonjwa wa usiku naye hangoji. Kati ya nyumba ya shamba na Hospitali ya Chake Chake, au Abdalla Mzee kule Mkoani, mara nyingi kikwazo ni mlima mmoja wa utelezi. Gari ninayoizungumza hapa ni ya kuvuka mlima huo.

Chagua nyepesi

Kila mtu anaitamani Land Cruiser, na haki anayo. Zile za 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, hasa zenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita na lita 4.2, ni gari za kuaminika kweli kweli. Lakini hata ikichakaa bei yake haishuki, spea zake halisi ni ghali, na uzito wake unafika kama tani mbili kabla hujapakia hata gunia moja. Kwenye kinongo cha mvua uzito ni adui. Gari nzito ikitumbukia mtaroni inataka nzito mwenzake kuitoa, na usiku wa manane hiyo ya pili utaipata wapi? Gari ya kilo 1,000 wanaitoa vijana sita na kamba.

Kwa hiyo tafuta Suzuki ndogo. Ya zamani ni SJ410 ya mwaka 1981, injini ya lita moja, ikafuatwa na SJ413 ya mwaka 1984 yenye lita 1.3, ambayo nchi nyengine waliiita Samurai. Hizi zina springi za bapa, zile za kupangana, na ekseli nzima mbele na nyuma. Hakuna kompyuta ndani yake. Fundi yeyote anayejua kusafisha kabureta anaiweza. Jimny iliyotoka mwaka 1998 ina springi za koili, kwa hiyo haikurushi kama kaka yake, lakini chesesi ya ngazi imebaki, ekseli nzima zimebaki, na gia ya 4L, ile ya nguvu na mwendo mdogo, imebaki. Ukisoma kibati chake utakuta herufi. JB23W ni ile ya soko la Japani, injini ya 660 yenye tabo. JB43W ina injini ya M13A ya lita 1.3 isiyo na tabo, na taimingi yake inaendeshwa kwa cheni, si kwa mkanda. Kama zote mbili ziko mbele yako na chesesi zake ni nzima sawasawa, chukua JB43W. Tabo inataka oili safi kila mara, na gari iliyopita mikono ya watu wengi hujui ilinyimwa oili mara ngapi.

Mwenye familia kubwa aangalie Escudo, ya kwanza iliyotoka mwaka 1988. Ya milango mitatu yenye injini ya 1.6 ni TA01W, ya milango mitano ni TD01W. Nayo ina chesesi na ina 4L, ingawa mbele magurudumu yake yamejitegemea, kwa hiyo kwenye mitaro mirefu gurudumu hubaki hewani mapema kuliko la Jimny. Ile yenye injini ya silinda sita, TD11W, sikushauri kwa shamba. Inakunywa petroli bila ya kukupa faida yoyote kwenye tope. Zilizoanza mwaka 2005 chesesi yake imeunganishwa na bodi, na kutu ikiingia hapo kazi ya kuchomelea inakuwa kubwa.

RAV4 usiidharau, lakini ijue. Tangu ilipotoka mwaka 1994 haijawahi kuwa na gia ya 4L wala haina chesesi ya ngazi. Kwa lami na kichanga kigumu inatosha. Kwa kuteremka bonde la kinongo na mzigo nyuma, haikutengenezewa kazi hiyo. Na Land Rover kongwe zinazoonekana bado hai zina hila yake: bodi ni alumini, haiozi kama bati la chuma, basi mtu anaona mwili mzima akadhani gari nzima. Chesesi ya chini ni chuma, na chumvi imeila miaka yote hiyo kimya kimya.

Pahala pa kuitafuta

Gari hizi ziko nyingi Unguja. Kwa miaka mingi wanaokodisha gari kwa watalii wamependa Escudo, RAV4 na Jimny, na zikichoka huuzwa. Bei yake hupendeza. Lakini muulize muuzaji gari imeishi wapi. Iliyolala miaka mitano Nungwi au Paje, hatua chache kutoka baharini, ikaendeshwa na wageni wanaopenda kupiga picha maji yakiwa kwenye magurudumu, imekunywa chumvi ya kutosha. Mimi ningelipa zaidi kwa gari ya mwalimu wa mjini, iliyofifia rangi na kupasuka viti, kuliko inayong'ara iliyotoka ufukweni.

Usinunue kwa picha za simu. Nauli ya boti ya kwenda na kurudi ni fedha ndogo mbele ya gari mbovu. Nenda na fundi wako, mlipe siku yake, mlishe, na muahidi kwamba hata akikwambia usinunue atapata haki yake ile ile. Fundi anayejua atalipwa tu gari ikinunuliwa hataona kutu.

Minada ya serikali na ya miradi nayo ina fursa. Gari za huko kwa kawaida zilipata sevisi, na daftari lake huenda bado lipo. Mnadani huruhusiwi kuendesha, mara nyengine hata kuwasha hairuhusiwi, kwa hiyo nguvu zako zote ziwe kwenye kulala chini na kutazama. Na uliza jambo moja kabla ya kupandisha dau: gari hii iliingia kwa msamaha wa kodi? Iliyosamehewa kwa ajili ya mradi ikiuzwa kwa mtu binafsi huwa inadaiwa kodi, na mdaiwa asiwe wewe usiyejua.

Kuagiza Japani kunamfaa mwenye fedha zote mkononi na subira. Umri wa gari unapandisha kodi, basi kabla hujatuma chochote nenda Forodha wakukokotolee kiasi kwa mwaka na injini ya gari hiyo hasa.

Halafu zipo zilizolala hapa hapa kwetu. Zunguka Wawi, Vitongoji, Ole, utazikuta chini ya miembe, tairi zimekaa, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe unamjua, aliyekuwa dereva unamjua, hata siku ilipokufa watu wanaikumbuka na sababu wanaitaja. Habari za namna hiyo hazipatikani kwenye yadi yoyote. Majani yaliyooza juu ya bati na unyevu wa ardhini huleta kutu, lakini ni kutu ya mvua, nayo ni nyepesi kuliko ya bahari.

Fedha zako zigawe mafungu matatu. Mawili ya kununua, moja liweke na usiliguse wala usilitaje mbele ya dalali. Hilo la tatu ndilo litakalokuletea tairi, breki na sahani za chuma. Mtu akimaliza zote kwenye ununuzi, gari yake itasimama uani ikisubiri msimu mwengine wa karafuu.

Lala chini ya gari

Mwambie mwenye gari kwa adabu, "Ami, naomba niingie chini kidogo." Muuzaji mkweli atakutafutia mkeka. Anayeanza kuhadithia injini ilivyo kimya huku anakushika mkono, mshukuru na uendelee kuinama.

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi bapa, tochi na kitambaa. Anza nyuma ya gurudumu la nyuma, pale chesesi inapokunja kwenda juu kuipisha ekseli. Tope hurushwa hapo, hukwama kwenye kona, na halikauki. Gonga taratibu kwenda mbele, kila upana wa kiganja pigo moja, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, sauti inakwenda mbali. Chuma kilichokwisha kinanyamaza, unasikia dufu, na vipande vya kutu vinamwagika ndani ya chesesi. Penye sauti hiyo weka ncha ya bisibisi na usukume kwa mkono mmoja. Ikizama, tafuta mwisho wake: ni pahala pa kiganja kimoja au ni urefu wa dhiraa? Kiganja kimoja kinachomelewa. Dhiraa nzima, inuka, jipanguse vumbi, uage vizuri.

Angalia kila tundu la kutolea maji kwenye chesesi. Likiwa limezibwa na tope, ujue ndani maji yamekaa. Angalia mashikio ya springi kwenye SJ, na kwenye Jimny mashikio ya mikono inayoshika ekseli. Angalia pale boksi la stelingi lilipofungwa mbele. Ufa mwembamba hapo huonekana kama unywele, na ufutaji wa kitambaa ndio unaoutoa. Ingia ndani, inua zulia chini ya miguu ya dereva na kwenye sakafu ya nyuma.

Na ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya ya lami, inayonukia bado, usiseme gari imetunzwa. Omba ruhusa ukwangue pahala patatu kwa bisibisi. Akikataa, jawabu umelipata.

Sasa injini. Fika asubuhi na uweke mkono juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, gari imewashwa kabla yako, na sababu ipo. Iwashe ikiwa baridi. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito ambao haukomi hata injini ikipata joto, pamoja na maji ya rejeta yanayopungua, unaelekea kwenye gasketi ya silinda hedi. Haya yote yana dawa na yana bei, basi yapige hesabu, uyatoe kwenye bei ya gari. Injini usiiogope sana. Ya SJ410, F10A, ilitumika pia kwenye Suzuki Carry za enzi hizo, na M13A ya Jimny imo kwenye Swift, kwa hiyo Unguja au Gerezani pale Kariakoo hukosi cha kuanzia.

Endesha kwenye lami mpaka kilomita 70 au 80 kwa saa. Jimny na SJ zilizochakaa beringi za vifundo vya ekseli ya mbele hutikisa usukani kwa nguvu hapo, mpaka mtu anaogopa. Muuzaji atasema ni balansi ya tairi. Huenda ni tairi, lakini wewe weka bei ya beringi pande zote mbili.

Kisha jaribu lile unalolinunulia gari, yaani magurudumu ya mbele kuvuta. Taa ya 4WD kuwaka haitoshi kuwa ushahidi. Kwenye Jimny habu za mbele hufungwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye mipira myembamba, na mipira hiyo ikipasuka mtambo unabaki mapambo. Fanya hivi: washa injini, tia 4H, sogea mbele kidogo na urudi. Zima injini, acha gia imeingia, weka vizuizi kwenye magurudumu mengine, piga jeki gurudumu moja la mbele. Lizungushe kwa mkono. Likigoma, mbele inafanya kazi. Likizunguka bure, habu haijashika au kuna kilichokatika ndani. Kabla ya kushusha jeki fungua boliti ya kujazia ya difu, ingiza kidole. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiwa na maji, na beringi za humo zimeanza kuumia.

Makaratasi

Linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesesi na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na namba ya injini vile vile. Namba iliyosagwa au iliyozungukwa na weldi mpya inakupeleka polisi, si shambani. Gari yenye namba za T kutoka Bara ina taratibu zake kuingia Zanzibar, uliza Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) kabla ya kulipa. Andikianeni mkataba mbele ya wakili au kwa Sheha na mashahidi wa pande mbili, na baki ya fedha itoke siku umiliki unapobadilishwa. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, hata kama gari itatoka barabarani mara mbili kwa wiki.

Kuijenga

Gari ikishafika nyumbani, kila mtu ana hamu ya kuipandisha juu na kuifunga taa. Acha kwanza. Ioshe chini kwa maji matamu, siku nzima, mpaka ndani ya chesesi maji yatoke safi matunduni. Iache ikauke jua la siku mbili tatu. Sasa ndio utajua umenunua nini.

Palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma kinachong'aa. Fundi anayebandika sahani juu ya kutu amekufichia ugonjwa, hakuutibu. Sahani iwe ya unene wa milimita 3 mpaka 4, na ncha zake zikatwe mshazari, kwa sababu weldi iliyokwenda wima moja kwa moja kuvuka chesesi ndipo itakapokatikia. Kabla ya moto kuwashwa, betri ichomolewe na tangi la petroli lishushwe kabisa, wala asikwambie mtu kwamba kitambaa kibichi kinatosha. Kuchomelea siku hizi si shida kama zamani: umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umefika kisiwani tangu 2010, na mwenye mashine nzuri anapatikana. Baada ya hapo paka dawa ya kutu na rangi ya msingi nyekundu, kisha rangi ya juu. Ndani ya chesesi nyunyiza mafuta safi yaliyochanganywa na grisi laini. Oili chafu ya injini usiipake wala usiimwage. Inadondoka, inateremka bondeni, na huko chini kuna mpunga na visima vya watu.

Breki zifuate. Nyingi ya Suzuki hizi zina diski mbele na ngoma nyuma, na ngoma zinashika tope. Zifungue, zioshe, badilisha silinda zinazovuja na mipira yote iliyochakaa. Kushuka mlima wa Pemba umebeba watoto wa watu kwa breki za kubahatisha ni dhulma.

Tairi ndizo zitakazokubadilishia gari kuliko kitu chengine chochote utakachonunua. SJ413 na JB43W hutumia 205/70R15, JB23W hutumia 175/80R16. Baki karibu na vipimo hivyo. Kwenye kinongo tairi nyembamba yenye meno makubwa na nafasi pana inachimba ikafika chini palipo pagumu; pana inaelea juu ya tope ikateleza. Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee umekauka, hata kama meno yamejaa. Upepo wa kawaida ukiwa psi 28, teremsha mpaka 18 kabla ya kuingia kwenye kichanga au tope, si baada ya kukwama, na uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya lami. Ukienda Micheweni na upande wa mashariki kwenye maweni, fanya kinyume: acha upepo wake, kwa kuwa mawe yale ya matumbawe hukata ubavu wa tairi iliyolegea.

Halafu kazi ya bei ndogo kabisa ambayo wengi hawaifanyi. Kila difu, na giaboksi, ina kipumulio kidogo juu yake. Difu iliyopata moto ikizama kwenye maji ya baridi ya bondeni inavuta ndani, na ikivuta inavuta maji. Chomeka mpira mrefu kwenye kila kipumulio, ipandishe yote mpaka juu kwenye chumba cha injini, ifunge vizuri, ncha zake zitazame chini. Mita chache za mpira zinakuokolea beringi za difu. Wakati huo huo tazama bomba la kuvutia hewa ya injini linaanzia wapi, ndio kipimo chako cha maji unayoweza kuvuka. Na filta ya petroli ibadilishe mara moja, uwe na nyengine ndani ya gari, hasa kama unanunua mafuta ya kwenye madumu.

Kuipandisha gari: inchi mbili, basi. Zaidi ya hapo siungi mkono, na sababu ninayo. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani liliijaribu Samurai na kutangaza kwamba haifai kwa kuwa ni rahisi kupinduka. Suzuki ililishitaki jarida hilo mwaka 1996, wakaja kupatana mwaka 2004. Wao waligombania namna jaribio lilivyofanywa. Wewe chukua hili: gari hii ni nyembamba na ni ndefu kwa kimo, na kila inchi unayoiongeza, pamoja na keria yenye magunia juu ya paa, inasogeza siku ya kupinduka kwenye kona za vilima vyetu. Mzigo ukae chini. Ng'oa kiti cha nyuma, tandika ubao, weka pete nne za kufungia kamba zilizofungwa kwa boliti kwenye sakafu imara. Magunia manne ya kilo 50 na watu wawili mbele, hapo umefika mwisho wake. Safari ya pili ni rahisi kuliko ekseli.

Kulabu za kuvutia, mbele na nyuma, zifungwe kwenye chesesi kwa boliti nene. Iliyochomelewa kwenye bampa hutoka ikaruka, na inayemkuta inaweza kumuua. Ndani ya gari ziwemo kamba nzito, jembe, panga, jeki na ubao wa kuikalishia, maana jeki kwenye tope huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Makumbi ya nazi yako kila shamba. Yakipangwa mbele ya gurudumu yanashika vizuri kuliko majani mabichi, yanayoongeza utelezi tu.

Winchi na taa za paa ziache, betri na altaneta hizi ni ndogo. Fedha hiyo nunua shokapu nne mpya.

Njia zenyewe ni za watu wote. Mvua kubwa ikishanyesha, kama safari si ya mgonjwa, mpe kinongo siku moja kikauke. Gari moja inayosaga tairi kwenye mlima uliolowa inachimba mitaro ambayo gari za ng'ombe na watoto wa skuli wataivuka mwezi mzima. Ukilazimika kupita, tia 4L gia ya pili chini, usibadilishe katikati. Kuteremka tumia gia ya kwanza na injini ikushike, mguu mbali na breki. Ikianza kuteleza pembeni, ongeza mafuta kidogo na uelekeze magurudumu kule inakoteleza mpaka ishike.

Masika ikishakwisha, mwezi wa Juni, ilaze gari siku mbili kabla karafuu hazijaanza kuchumwa. Zibua matundu ya chesesi, piga nyundo njia nzima kama ulivyofanya siku ya kununua, na ulinganishe sauti. Mwaga mafuta ya difu zote mbili hata kama kilomita hazijafika, na uyapokee kwenye beseni jeupe uone rangi yake. Yakitoka safi, jaza mapya. Yakitoka na maji, usijaze ukaridhika: kagua mipira ya vipumulio kwanza, kisha sili za ekseli, na inayovuja iagize Unguja wiki hiyo hiyo, ifike na ifungwe kabla ya vuli.